Ramani ya mtaa wenu, mkono wenu: mwongozo kamili wa kazi ya pamoja

Watu hawakai pamoja kwa sababu wameambiwa umoja ni kitu kizuri. Hukaa pamoja wakiwa na kazi ambayo kila mmoja ana kipande chake, haikamiliki bila vipande vya wengine, na matunda yake yanaonekana mapema. Kwa mtaa wa mjini sijaona kazi inayotimiza masharti hayo vizuri kuliko kuchora ramani ya mtaa wenyewe. Dereva wa bodaboda anajua uchochoro gani unapitika usiku. Mama lishe anajua maji ya mvua huanza kuingilia wapi. Mzee aliyehamia pale kukiwa bado shamba la minazi anajua majina ya kila kona. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaiweza simu. Hakuna hata mmoja wao aliye na ramani nzima kichwani.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo kisicho na mfadhili. Nimeuandika nikifikiria mitaa ya Dar es Salaam, lakini wa Mwanza, Mombasa au Kisumu atabadilisha vyeo tu: palipoandikwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Kenya soma chifu na wazee wa mtaa.

Waliotutangulia

Ramani mtakayoichora itakaa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri na yeyote anaweza kuitumia bure. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati ambapo data za ramani za serikali ya huko zilikuwa ghali na zenye masharti mengi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora makazi yao ambayo kwenye ramani za intaneti yalikuwa karibu peupe, ingawa maelfu kwa maelfu ya watu waliishi pale. Mradi huo, Map Kibera, haukuishia kwenye mistari. Vijana wale wale walianzisha Voice of Kibera, mahali pa kuweka habari za makazi yao juu ya ramani, na Kibera News Network, habari za video walizopiga wenyewe. Nitairudia hatua hiyo huko mbele, maana ndipo miradi mingi inapofia.

Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua makumi ya watu, hitaji la ramani za mabondeni lilikuwa wazi kwa kila mtu. Ramani Huria ilianza 2015 ikiungwa mkono na Benki ya Dunia, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) na Msalaba Mwekundu wa Marekani miongoni mwa wengine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia kata kwa kata pamoja na wakazi, wakachora nyumba, njia na mitaro. Kwa hiyo kabla ya kuanza, fungueni ramani muone mtaa wenu ulivyo sasa. Huenda nusu ya kazi imeshafanywa, na yenu ni kuikamilisha na kuipa uhai.

Kwanza mjue watu wanakuja kutafuta nini

Mwanzilishi hudhani wote wanakuja kwa sababu ile iliyomleta yeye. Sivyo. Mmoja amechoka kuhamisha godoro kila masika. Mwingine anataka kujifunza kompyuta ili aweke kitu kwenye wasifu wake wa kuombea kazi. Wa tatu amehamia juzi na hana rafiki. Wa nne anapenda kuheshimiwa, na hilo si kosa. Anayetaka jina lake liandikwe kwenye orodha ya waliochora atafanya kazi nzuri ili lisiandikwe bure.

Msimlazimishe mtu abadilishe sababu yake. Katika kikao cha kwanza kila mmoja aseme kilichomleta, katibu aandike, na kazi zigawanywe kwa kufuata majibu hayo. Mwenye hasira na mtaro apewe mtaro. Anayetaka kompyuta akae kwenye uingizaji wa data. Mgeni apangwe na mwenyeji wa miaka mingi, watembee pamoja.

Kuja ni jambo moja, kurudi ni jingine. Mtu hurudi Jumamosi ya pili akiwa ameona kazi yake ya Jumamosi ya kwanza. Hii ndiyo kanuni ninayoishikilia kuliko zote: kila siku ya kazi iishe na kitu kinachoonekana, hata kama ni uchochoro mmoja wenye jina. Uchovu na jua vinavumilika. Kinachofukuza watu ni kutoa taarifa zisijulikane zimekwenda wapi, na mitaa yetu imehojiwa mno na watafiti ambao hawakurudi.

Chagueni swali moja

Msianze na “tuchore mtaa mzima”. Kazi isiyo na mwisho haina sherehe, na isiyo na sherehe haina wa kuendelea nayo. Chagueni swali ambalo mtaa tayari unajiuliza: maji ya mvua yanapita wapi na yanakwama wapi? Watoto wanavuka barabara wapi wakienda shule? Maji ya kununua yanapatikana wapi, saa ngapi? Wapi pana giza usiku?

Swali likipatikana, pimeni eneo. Watu kumi wakifanya kazi Jumamosi nne hadi sita wanaweza kumaliza mashina machache (vikundi vidogo vya nyumba, kila kimoja na mjumbe wake) ya mtaa uliosongamana. Kama hamna hakika, punguzeni. Kumaliza mashina mawili na kuomba kuongezewa la tatu ni afya kuliko kuacha mtaa ukiwa nusu.

Nitatumia swali la mitaro kama mfano hadi mwisho, kwa sababu ndilo linalowagusa wengi na lenye vipimo vya kufundishana.

Ruhusa, na hofu ya X

Nendeni serikali ya mtaa mapema, wawili au watatu, mmoja wao awe mtu mzima anayefahamika. Mwoneni mwenyekiti na mtendaji. Ombeni mambo matatu tu: barua ya utambulisho yenye muhuri, nafasi ya dakika kumi kwenye mkutano wa wakazi, na wajumbe wa mashina mtakayopita wajulishwe. Barua itaje majina ya wachoraji, tarehe, kitakachoandikwa na kisichoandikwa. Kila jozi itembee na nakala yake.

Mjumbe wa shina msimruke. Yeye anajua shina lake linaishia kwenye ukuta wa nani, jambo ambalo mara nyingi halimo kwenye karatasi yoyote. Anaweza pia kuifunga milango yote kwa neno moja.

Kuna hofu moja mtakayokutana nayo, na ni ya haki. Mwishoni mwa 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi ziliwekwa alama nyekundu ya X kabla ya kubomolewa. Mkazi wa bondeni akiwaona vijana wenye karatasi na simu wakipima kando ya ukuta wake, swali lake la kwanza ni, “Mmekuja kupiga X?” Msicheke wala msikasirike. Jibu lianze na salamu: “Shikamoo mama. Sisi ni wa hapa hapa, mimi nakaa nyuma ya msikiti, mwenzangu ni mtoto wa fundi cherehani. Tunaandika mitaro inakopita ili tuwe na kitu cha kuonyesha tunapodai izibuliwe. Jina lako hatuandiki, kiwanja chako hatupimi. Barua ya mtaa hii hapa.” Kisha mwonyesheni karatasi yenyewe aione. Akikataa, shukuruni mpite. Mtaro unaweza kupimwa kutoka upande wa pili.

Lazima pia muwe wakweli: ramani iliyo wazi inaonwa na kila mtu, pamoja na wanaopanga miradi na barabara. Jadilini hilo kwenye mkutano kabla ya kuanza. Mkutano ukiamua jambo fulani lisiwekwe, lisiwekwe.

Timu, na suala la posho

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Wafanye kazi wawili wawili, mmoja ashike karatasi na mwingine apime na kuuliza. Jozi ya kijana na mtu mzima hufunguliwa milango zaidi, na jozi yenye mwanamke hupata majibu ambayo wanaume wawili hawayapati, hasa kuhusu vyoo, maji na giza. Mbali na jozi, mnahitaji katibu wa karatasi, msimamizi wa kuingiza data, na mtu mmoja wa habari. Huyo wa mwisho ateuliwe siku ya kwanza, asingojwe mpaka ramani imalizike.

Sasa posho, jambo linaloua vikundi vingi kimyakimya. Watu wetu si wavivu wa kujitolea. Msaragambo upo, vikundi vya kufa na kuzikana vipo, na mtu huacha biashara yake siku tatu kwenda kuchimba kaburi la jirani. Kinachowaudhi ni kuhisi kuna hela iliyokuja na wengine wameila. Dawa yake ni uwazi wa mapema.

Kubalianeni hivi: hakuna anayelipwa kwa kukaa kwenye kikao, awe mwenyekiti au mgeni. Aliyelipa nauli au bando la intaneti kwa ajili ya kazi, arudishiwe. Siku ya kazi chai na chakula cha mchana viwepo, na kama hela inatosha, vinunuliwe kwa mama lishe wa mtaa huo huo. Michango yote na matumizi yote yaandikwe kwenye daftari linalokaa mezani, si kwenye mfuko wa mtu. Na kubalianeni mapema, kabla mfadhili hajatokea, kwamba akitokea mwenye kulipa, nafasi zitagawanywa kwa zamu kati ya waliofanya kazi ya bure. Makubaliano haya ni mepesi kuyafikia wakati hakuna hela. Zikishaingia, hayafikiki tena.

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi wavuvi, wafugaji na wakulima wa umwagiliaji wanavyosimamia mali ya pamoja bila kuimaliza. Mipango iliyodumu ilifanana: mipaka inajulikana, watumiaji wenyewe wanashiriki kutunga kanuni, wanaangaliana wao kwa wao, na adhabu huanza ndogo kisha kupanda. Wana kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, wanayajua haya bila kusoma popote. Pelekeni kanuni za kikoba kwenye ramani: anayechelewa anaulizwa, anayerudia anapewa kazi ya kufagia baada ya chakula, anayeandika vipimo vya kubuni anaondolewa kwenye kupima.

Vifaa

Hamhitaji vingi. Simu janja tatu au nne zenye OsmAnd, Organic Maps au StreetComplete zinatosha. Ongezeni laptopu moja au mbili za kuazima, pawabenki, kalamu za wino usiofutika kwa maji, mbao za kubania karatasi na viatu vya mvua kwa wanaoshuka mtaroni. Tafuteni fimbo ya mita mbili na kuizungushia utepe wa rangi kila sentimita 10. Fimbo hiyo ni bora kuliko futi ya fundi, kwa sababu inasomeka kwa mbali na mtu hahitaji kuinama kwenye maji machafu.

Karatasi zinatengenezwa hivi. Fungua openstreetmap.org, sogeza ramani hadi eneo lenu likae karibu kiasi cha kuona nyumba moja moja, bonyeza kitufe cha kushiriki kilicho upande wa kulia, pakua picha, kisha chapisha kwenye A4. Karatasi moja ibebe eneo ambalo jozi italimaliza asubuhi moja. Zipe namba, na kwenye karatasi moja kubwa chora mpangilio wa namba hizo ili eneo lisirudiwe wala kurukwa. Steshenari ya jirani inatosha. Wino mweusi unatosha pia.

Msidharau karatasi. Simu ikitolewa uchochoroni watu hudhani wanapigwa picha. Karatasi ikitandazwa, wazee wanaiinamia, mtoto anaonyesha kwao kwa kidole, na kabla hamjauliza lolote mmesahihishwa mara tatu.

Nyumba kwanza, kutoka juu

Kabla ya kutembea, choreni nyumba zinazokosekana kwa kutumia picha za satelaiti. Kila mmoja afungue akaunti yake ya OpenStreetMap na asitumie ya mwenzake, maana kila badiliko hubaki na jina la akaunti iliyolifanya. Asitumie jina lake kamili kama hataki. Bonyeza kitufe cha kuhariri, chagua kuchora eneo, zungusha kona za paa, weka lebo ya jengo, kisha bonyeza herufi Q ili kona zinyooke. Ukihifadhi, andika kwa ufupi ulichofanya: “nyumba za shina namba fulani, kutoka picha ya satelaiti”.

Makosa yanayojirudia ni machache. Nyumba tano zilizobanana hazichorwi kama jengo moja refu. Kivuli si ukuta. Picha ya satelaiti yenyewe huweza kuwa imesogea mita kadhaa, hivyo kabla ya kuchora ilinganishe na njia zilizorekodiwa kwa simu, kisha uisogeze. Na msinakili chochote kutoka Google Maps, hata jina la duka. Leseni haziruhusu, na kazi iliyonakiliwa inaweza kufutwa yote, pamoja na ya wenzenu waliohangaika kihalali.

Asubuhi ya kupima

Anzeni saa moja na nusu, kabla ya jua kali. Jozi zipewe karatasi, fimbo na barua.

Mtaro haupimwi kwa kuutazama. Kila mnapoona umebadilika, umepanuka, umeingia chini ya daraja la mbao au umekutana na mwingine, simameni. Simamisheni fimbo katikati muandike kina, ilazeni muandike upana. Andikeni umejengwa kwa nini: zege, mawe, matofali au udongo mtupu. Andikeni maji yanaelekea upande gani kwa kuchora mshale, na kama hakuna maji, ulizeni. Andikeni kilichoziba: mchanga, taka, nguzo ya ukuta wa mtu. Hapo kwenye nguzo andikeni kwa lugha ya vipimo tu, kwamba mtaro una upana wa sentimita 90 kabla na 30 baada. Jina la mwenye ukuta halimo, na hakuna maneno ya lawama. Kila asomaye ataelewa, na nyinyi mtabaki mkisalimiana.

Kisha ulizeni kuhusu mafuriko. “Maji yalifika wapi?” ni swali baya, kwa sababu kila mtu hukumbuka mafuriko yake. Ulizeni: “Mara ya mwisho maji yalipoingia ndani, yalikufika kwenye kifundo cha mguu, goti, kiuno au kifua?” Muulize akiwa amesimama mahali penyewe. Mara nyingi atawaonyesha mstari wa tope ukutani. Pimeni urefu wake kutoka chini kwa fimbo, muandike mwezi na mwaka anaokumbuka. Ulizeni nyumba tatu za jirani. Majibu mawili yakifanana, andikeni. Yakitofautiana yote, wekeni alama ya kuuliza mrudi na mzee wa pale.

Kama jozi inatumia simu kuweka nukta, isubiri nusu dakika mahali pamoja. Simu ya kawaida uwanjani hukosea mita chache, lakini katikati ya kuta na mabati hukosea zaidi. Ndiyo maana karatasi yenye nyumba zilizokwisha kuchorwa ni msaada: “nyuma ya nyumba ya tatu” ni sahihi kuliko nukta iliyoyumba.

Majina

Hapa mtagombana, na ni ugomvi wenye faida. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliweka vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba sehemu nyingi za Tanzania, lakini uchochoro ule ule wakazi huuita kwa jina la marehemu aliyekuwa na duka pale, na vijana wana jina lao la tatu. Msiamue mezani. Lililoandikwa kwenye kibao liingie kama jina, linalotumika midomoni liingie kama jina mbadala. OpenStreetMap ina nafasi ya yote mawili. Pasipo kibao, ulizeni nyumba kadhaa pande zote mbili za njia, na linalotajwa na wengi ndilo.

Muda unaotumika kwenye majina msiuone umepotea. Nimeona watu waliokataa kuja kupima wakija wenyewe waliposikia majina yanaandikwa, kwa sababu jina la kichochoro ni la kwao kabla halijawa la ramani. Waulizeni hao hao wazee habari ya jina, mrekodi kwa simu kwa idhini yao. Mtu wa habari ataihitaji.

Jioni hiyo hiyo

Data iingizwe siku hiyo, angalau karatasi moja kwa kila jozi, wakati kumbukumbu bado ipo. Aliyeandika akae na anayeingiza. Mtaro una lebo ya waterway=drain, upana unaandikwa kwa mita (0.9, si 90), na mwelekeo wa mstari ufuate mwelekeo wa maji. Mkichora kinyume, maji yatapanda mlima kwenye ramani. Mwingine asiyehusika akague: anachukua karatasi, anatazama skrini, anatia tiki kwa kalamu nyekundu. Karatasi zote zitunzwe kwenye faili, kwa sababu siku mtu wa manispaa akiuliza “mmejuaje?”, faili ndilo jibu.

Kisha waonyesheni. Mkiwa na projekta, tupeni picha ukutani kwenye baraza. Mkiwa hamna, laptopu juu ya stuli inatosha.

Ramani irudi mtaani kwa njia zote

Hapa ndipo vijana wa Kibera walipotufundisha. Ramani iliyo kwenye intaneti tu ni ya walio na bando. Fanyeni yafuatayo, kwa mpangilio huu.

Chapisheni ramani kubwa, A1 au A0. Kwa ukutani nje, chapisheni kwenye bango la plastiki kama yale ya kampeni, linalostahimili mvua. Iwe na majina makubwa, mitaro kwa buluu, mahali palipoziba kwa nyekundu, na pembeni orodha ya waliochora na tarehe. Itundikeni ofisi ya serikali ya mtaa siku ya mkutano, si siku nyingine. Wachoraji ndio waielezee, kila jozi kipande chake, na mwenyekiti azungumze mwisho. Tundikeni pia kalamu kwa kamba. Watu watasahihisha, na kila sahihisho ni mwanachama mpya: mwandikeni jina, mpigieni simu.

Toeni karatasi ya habari ya mwezi, A4 pande mbili, kwa fotokopi. Ukurasa mmoja uwe kipande cha ramani chenye tatizo moja na kilichofanyika kulihusu. Wa pili uwe na hadithi ya jina moja la uchochoro, kama ilivyosimuliwa na mzee mliyemrekodi, na tangazo la siku ya kazi ijayo. Nakala ziende kinyozi, kijiwe cha bodaboda, gengeni, msikitini na kanisani. Hii ndiyo itakayosomwa na wasiokuwa kwenye kundi lenu la WhatsApp.

Kama kuna redio jamii inayosikika kwenu, ombeni nusu saa. Msiende kuelezea mradi, maana msikilizaji hana haja na mradi. Chukueni mtaro mmoja, mpeleke mtu anayeishi kando yake, mchoraji aliyeupima, na kama inawezekana afisa wa kata. Anayeishi pale aeleze usiku maji yalipoingia, mchoraji ataje vipimo, afisa aulizwe lini. Mtangazaji mpeni karatasi yenye maswali sita na namba ya kupigiwa na wasikilizaji. Video za simu zifuate mtindo huo huo: dakika mbili, mahali pamoja, watu wawili wakizungumza, sauti karibu. Anayerekodiwa aombwe ruhusa kabla, aelezwe itaonyeshwa wapi, na aione kabla haijatoka. Watoto wasionyeshwe nyuso bila idhini ya mzazi.

Vijana wa Map Kibera walichora ramani hata kwenye kuta, zikionyesha sehemu salama na za hatari. Kama kuna ukuta wa shule na mchoraji wa mabango mtaani kwenu, hiyo ni Jumapili nzuri ya pamoja, na watoto watajua njia ya kupita.

Msiyoyaweka

Majina ya wakazi na namba zao za simu, hapana kabisa. OpenStreetMap si daftari la wakazi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019. Maeneo ya jeshi na polisi yaacheni yalivyo na msipige picha karibu nayo. Nyumba inayohifadhi wanawake au watoto waliokimbia ukatili isiwe hata nukta isiyo na jina. Mahali pa giza pawekwe kwenye ramani ya ukutani kama mkutano umekubali, lakini kutaja kwamba fulani huvutia bangi pale ni kumtafutia mtu ugomvi. Ndege zisizo na rubani zina vibali vyake, na kwa mtaa mmoja hamzihitaji.

Kuendelea baada ya bango kutundikwa

Wiki mbili baada ya mkutano, msimamizi aachie nafasi yake. Nasema hili kwa uzito: mwanzilishi akikaa miezi sita akiwa yeye peke yake mwenye neno la siri la laptopu na funguo za faili, kikundi ni chake, na siku akipata kazi Dodoma kimekwisha. Kila kazi iwe na watu wawili, mmoja anayeifanya na mmoja anayejifunza, na wabadilishane kila baada ya swali jipya kuchaguliwa.

Barua kwa kata na manispaa iende na nakala ya ramani, ikiomba jambo moja tu linalowezekana, kwa mfano kuzibuliwa kwa sehemu tatu zilizotajwa kwa vipimo. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa itundikwe pembeni ya ramani. Wakizibua, badilisheni nyekundu kuwa buluu siku hiyo hiyo, mbele za watu, na mtu wa habari awepo. Wasipozibua, mtaa unaweza kujipangia siku yake ya majembe kwa sehemu zilizo ndani ya uwezo wake, na ramani itawaambia waanzie wapi: daima mwisho wa mtaro kwanza, maji yanakomwagikia, kisha mpande juu. Mkianza juu mnawapelekea majirani wa chini taka na maji kwa pamoja.

Pimeni upya mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza iwe Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Mara ya pili iwe Septemba, kabla ya vuli. Kwa upimaji huo hamhitaji watu wote: jozi tatu, fimbo, na karatasi za sehemu nyekundu tu, asubuhi moja.